Kusikiliza wanaanga kwa redio: kinachowezekana Kasulu na Kibondo

Mara nne hadi sita kila siku, chombo chenye watu ndani yake hupita katika upeo wa anga la Kasulu na Kibondo. Kina redio, na redio hiyo hutumia masafa yaliyo wazi kwa mtu yeyote duniani mwenye kipokezi kinachofaa. Lakini redio unayotusikilizia sisi haitaishika, hata ukipanda nayo vilima vya Heru Juu na kuizungusha usiku kucha. Katika makala haya tunaeleza sababu, tunataja kifaa kinachohitajika, na tunaonyesha mahali ambapo mtu anaweza kupoteza fedha zake au kujiingiza matatani.

Chombo chenyewe ni Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Kinaendeshwa kwa ushirikiano wa Marekani, Urusi, Japani, Kanada na nchi za Ulaya, na tangu tarehe 2 Novemba 2000 hakijawahi kubaki bila mtu. Kwa kawaida wanaishi humo watu 7. Kina ukubwa unaokaribia uwanja wa mpira, na kasi yake ni kama kilomita 28,000 kwa saa, kwa hiyo huizunguka dunia nzima kwa dakika 93 hivi. Kutoka juu ya Kasulu hadi juu ya Kibondo kinatumia chini ya sekunde 20. Abiria wa njia hiyo wanajua wenyewe sisi wa chini tunatumia muda gani.

Na si chombo kigeni sana kwa ukanda wetu. Setilaiti ndogo ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF, iliachiwa angani kutoka kwenye kituo hicho mwezi Mei 2018. RwaSat-1 ya Rwanda ilifuata mwaka 2019, na PearlAfricaSat-1 ya Uganda mwezi Desemba 2022.

Kinachosikika na kisichosikika

Tuliweke hili sawa mapema. Mazungumzo ya kazi, yaani yale ya wanaanga na wakubwa wao walioko Houston au Moscow, hupitia zaidi kwenye setilaiti nyingine zilizo juu zaidi, na kwa mitambo ambayo redio ya nyumbani haiwezi kuifuata. Akija mtu sokoni na kifaa anachosema kinanasa siri za Wamarekani huko juu, mwache apite na mzigo wake.

Kinachosikika ni redio ya pili, ya ridhaa. Redio ya ridhaa ni ya watu waliopewa leseni ya kurusha mawimbi kwa ajili ya kujifunza na kuwasiliana, bila biashara. Kila mmoja ana jina la hewani lenye herufi na tarakimu: ya Tanzania huanza na 5H, ya Kenya 5Z, ya Uganda 5X, ya Burundi 9U. Kituo cha anga nacho kinayo majina ya namna hiyo. Wamarekani hutumia NA1SS na Warusi RS0ISS. Kanuni za kimataifa haziruhusu mazungumzo ya ridhaa kufichwa kwa msimbo, kwa hiyo anayesikia anasikia kila kitu.

Mwanaanga wa kwanza kuzungumza na watu wa redio za ridhaa akiwa angani alikuwa Owen Garriott, mwishoni mwa mwaka 1983, alipopanda na redio ya mkononi ndani ya chombo cha Columbia. Baada yake wakaja wengi. Anayekumbukwa zaidi ni Sergei Krikalev wa kituo cha Mir. Aliondoka duniani mwezi Mei 1991 akiwa raia wa Umoja wa Kisovieti, na aliporudi Machi 1992 nchi hiyo haikuwapo tena. Katika miezi hiyo yote alikuwa akizungumza kwa redio ya ridhaa na watu wa kawaida waliokuwa majumbani mwao, katika nchi mbalimbali.

Mnara wa kilomita 400

Mawimbi ya FM husafiri karibu na mstari ulionyooka. Ndiyo maana msikilizaji aliye bondeni, nyuma ya kilima, hutulalamikia kwamba matangazo yanakatika, hali jirani yake aliye kwenye mteremko wa pili anatupata vizuri. Tatizo si nguvu ya mitambo. Ni udongo na mawe yaliyosimama kati ya mnara na redio yake.

Sasa fikiria mnara wenye urefu wa kilomita 400. Huo ni umbali wa karibu sawa na reli kutoka Kigoma hadi Tabora, ukiusimamisha wima. Ukiwa juu ya mnara wa namna hiyo unaona duara la nchi lenye upana wa zaidi ya kilomita 4,000, na kila aliye ndani ya duara hilo anaweza kukusikia, hata kama redio yako ina wati chache. Redio ya ridhaa iliyoko kwenye kituo cha anga haizidi wati 25, na mara nyingi hutumia chini ya hapo. Bado sauti yake hufika, kwa sababu njiani hakuna kilima.

Kasoro ni moja: mnara huo unakimbia. Kuanzia unapochomoza hadi unapozama ni dakika 10 ukibahatika, na katika nchi yetu ya milima ni pungufu ya hizo. Kituo huchomoza siku zote upande wa magharibi, yaani Burundi, Ziwa Tanganyika au Kongo, na kuzama upande wa mashariki, kuelekea Shinyanga na Tabora. Kwa hiyo mtu aliye juu ya kilima chenye uwazi pande hizo mbili anafaidi kuliko mwenye nyumba nzuri bondeni. Nyanda za juu za Kigoma, ambazo mafundi wa minara huzilalamikia kila siku, hapa ndizo zinazosaidia.

Zanzibar ilipozungumza na John Glenn

Watu wakisikia habari hizi hudhani ni mambo mapya kabisa kwetu. Sivyo. Mwanaanga aliwahi kuzungumza na kituo kilichokuwa kwenye ardhi ambayo leo ni Tanzania, zaidi ya miaka 60 iliyopita.

Mwaka 1960 Marekani ilikubaliana na Uingereza, iliyokuwa ikiilinda Zanzibar wakati huo, kujenga kituo cha kufuatilia vyombo vya mpango wa Mercury kisiwani Unguja. Kilijengwa Tunguu. Kituo kilihitajika kwa sababu ileile ya mstari ulionyooka. Wakati huo hapakuwa na setilaiti za kupitishia sauti, kwa hiyo Wamarekani walilazimika kuzungusha vituo duniani kama vijiti vya kupokezana: kimoja Kano, Nijeria, kinachofuata Zanzibar, kisha meli katika Bahari ya Hindi, kisha Australia. Kila kituo kilipata dakika chache tu, halafu mwanaanga akawa wa kituo cha mbele.

Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn akawa Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia. Alizunguka mara tatu, kwa saa 4 na dakika 55. Katika mzunguko wa kwanza alivuka Afrika kutoka Kano kuelekea Zanzibar, ikiwa jioni kwa saa zetu, saa 12 na kitu hivi, na muda mfupi baadaye akaliona jua likizama juu ya Bahari ya Hindi. Ukichora mstari kutoka Kano hadi Unguja utaona haupiti mbali na nchi ya Waha. Mtu aliyekuwa Kibondo jioni ile alikuwa ndani ya eneo ambalo sauti ya Glenn ingeweza kufika. Ila kifaa cha kuinasa kilikuwa Tunguu, chini ya ulinzi.

Si Wazanzibari wote waliokipenda kituo hicho. Ilikuwa enzi ya vita baridi, na wanasiasa waliokipinga walihofu kwamba ni kambi ya kijeshi iliyovalishwa nguo za sayansi, na kwamba ingekivuta kisiwa kwenye ugomvi wa wakubwa. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Wamarekani waliokuwa Zanzibar waliondolewa kwa meli ya kivita, na mwaka huohuo serikali mpya ikataka kituo kifungwe. Kazi yake ikahamia Madagaska.

Tunaona hofu ile inaeleweka. Kituo kile kilisikiliza kwa niaba ya serikali moja, na waliokizunguka hawakuambiwa kinasikia nini. Redio ya ridhaa ni kinyume chake, kwa kuwa asikiacho profesa wa Pretoria, mwanafunzi wa Kasulu anaweza kukisikia kwa dakika ileile bila kumwomba mtu.

Redio inayofaa

Redio ya kawaida huishia 108 kwenye FM. Kituo cha anga hutangaza kwa 145.800 megahezi. Ndiyo sababu unazungusha na hupati kitu: kibao cha redio yako kimeishia mbali. FM ya kwenye simu nayo ni hivyohivyo, na hakuna programu ya kupakua itakayoibadilisha, kwa kuwa kinachokosekana ni chombo chenyewe ndani ya simu.

Kuna redio za bendi nyingi ambazo huonyesha bendi ya ndege au VHF. Soma namba kwenye kioo kabla ya kulipa. Kama zinapita 145.8, na ni kwa FM, redio hiyo inaweza kukupa sauti hafifu. Kama zinaishia 137, hiyo ni ya ndege tu, iache.

Njia ya pili ni kipokezi kidogo mfano wa flashi, kinachochomekwa kwenye kompyuta, au kwenye simu ya Android kwa waya maalumu. Kinapokea tu, hakirushi. Kilicho kizuri huuzwa nje kwa dola 30 hadi 40 kabla ya usafiri. Kwa shule yenye kompyuta hata moja, sisi tungechagua hiki kuliko vyote, na sababu zetu tutazieleza tukifika kwenye sheria.

Njia ya tatu ndiyo iliyozoeleka, redio koli ya mkononi. Inashika 145.800 vizuri sana. Lakini inarusha pia, na hapo ndipo shida inapoanzia.

Antena ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Chukua vipande viwili vya waya wa shaba, kila kimoja sentimita 49. Kimoja kiunge kwenye uzi wa katikati wa waya wa antena ya televisheni, cha pili kwenye wavu wake wa nje, kisha vifunge kwenye ufito mkavu vikielekeana, kimoja huku na kingine kule. Hiyo tayari ni antena ya masafa haya. Wanaotaka zaidi huunda antena yenye mikono mitatu kwa bomba la plastiki na vipande vya tepu ya chuma ya fundi seremala, wakaielekeza kwa mkono kule kituo kiliko. Fundi redio yeyote wa Kasulu mjini akionyeshwa mchoro ataimaliza kwa alasiri moja.

Wasio na kifaa chochote wana mlango mwingine. Ziko redio za watu wengine duniani zilizounganishwa na intaneti, ambazo unaweza kuzisikiliza kwa simu, na mazungumzo mengi ya wanaanga na shule hurushwa moja kwa moja kwenye mtandao. Inakula bando, na si sawa na kunasa wimbi mwenyewe, lakini sauti ni ileile.

Lini, na utasikia nini

Usisikilize kwa kubahatisha. Programu za simu kama ISS Detector, au tovuti ya Heavens-Above, zitakupa ratiba ya kila siku ukishaweka Kasulu au Kibondo kama mahali ulipo. Angalia namba ya kimo. Nyuzi 90 maana yake kinapita utosini. Chini ya nyuzi 20 usijisumbue, milima itakimeza. Kwa siku utapata kimoja au viwili vyenye kimo cha maana.

Saa moja au mbili baada ya jua kuzama, au kabla halijachomoza, kituo huonekana hata kwa macho. Ni nuru nyeupe kali inayokwenda bila kupepesa na bila mlio. Wengi wenu mmeshaiona mkidhani ni ndege. Ule msururu wa nuru nyingi zinazofuatana mstari mmoja ni kitu kingine, ni setilaiti za intaneti za Starlink.

Sasa ukweli ambao wauzaji hawausemi: mara nyingi utasikia ukimya. Wanaanga wana kazi, na redio ya ridhaa wanaishika wakipata nafasi au wakiwa na miadi na shule. Tena mazungumzo na shule ya Ulaya huwezi kuyasikia hapa, kwa sababu wakati huo kituo kiko juu ya Ulaya, chini ya upeo wako. Na hata kikiwa juu yako utasikia upande mmoja tu, majibu ya mwanaanga. Maswali ya watoto yanapanda kutoka chini mahali pengine, na mawimbi yao hayakufikii. Ni kama kumsikiliza mtu akiongea na simu ndani ya basi.

Kuna mambo mawili ya uhakika zaidi. La kwanza ni kirudishi, mtambo unaopokea sauti kutoka ardhini na kuirudisha chini kwa 437.800 megahezi. Kimekuwapo tangu Septemba 2020. Kikipita juu ya Ulaya huwa na kelele kama mnada. Juu yetu waendeshaji wenye leseni ni wachache, basi kinaweza kupita kimya. Kwa masafa haya ya juu lazima ufuate mwendo wake: anza na 437.810 kinapochomoza, shuka polepole, umalizie 437.790 kinapozama. Sababu ni ileile inayofanya honi ya lori linalokuja isikike kali na likishapita isikike nzito.

La pili ndilo tunalolipenda. Mara kadhaa kwa mwaka kituo hutuma picha kwa mlio, siku kadhaa mfululizo, kwa 145.800. Huwa mara nyingine ni kuadhimisha tarehe 12 Aprili, siku Yuri Gagarin aliyopanda angani mwaka 1961. Redio inatoa mlio wa kupanda na kushuka kwa dakika mbili, inanyamaza dakika mbili, inaanza tena. Weka simu ya Android karibu na spika ikiwa na programu ya bure iitwayo Robot36, nayo itauchora mlio huo mstari kwa mstari hadi picha kamili itokee kwenye kioo. Haihitaji intaneti wakati huo wala waya wowote. Kitendo cha simu kusikiliza redio kinatosha.

Sheria, mpaka na radi

Kurusha mawimbi ya ridhaa bila leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ni kosa, na vifaa vya kurushia vinatakiwa viwe vimekubaliwa na mamlaka hiyo. Hilo ni la nchi nzima. Kwetu linazidi uzito. Tuko mpakani mwa Burundi, wilaya hizi zimepokea wakimbizi kwa miongo mingi, na kambi ya Nyarugusu iko humuhumu. Kijana anayekutwa usiku kilimani na redio koli na antena mkononi, akisema anasikiliza watu wa angani, hataeleweka haraka. Atapoteza redio, pengine na siku kadhaa.

Kwa hiyo tunashauri hivi. Tumia kifaa kinachopokea tu, na kama ni shule, zoezi lifanyike katika eneo la shule likiwa na barua ya mwalimu mkuu. Mwambieni mwenyekiti na mtendaji wa kijiji mapema, tena mwalikeni aje asikie. Msisogee karibu na kambi wala mpaka. Mwenye redio koli asiguse kabisa kitufe cha kuongelea.

Halafu kuna radi. Watu wa Kasulu na Kibondo hawahitaji kufundishwa radi ni nini. Mtu aliyesimama kileleni ameshika vipande vya chuma wakati wingu linanguruma amejiweka pabaya kuliko mti. Kuanzia mvua za vuli zinapoanza hadi masika kwisha, ukisikia ngurumo hata ya mbali, shuka, hata kama ratiba inasema kituo kinapita utosini.

Shule inaweza kuuliza

Mpango unaoratibu mazungumzo ya wanaanga na shule unaitwa ARISS. Mazungumzo ya kwanza ya aina hiyo yalifanyika Desemba 2000 na shule moja ya Marekani. Mwaka 2002 Mark Shuttleworth, raia wa Afrika Kusini, alizungumza na wanafunzi wa kwao kwa redio akiwa angani. Shule huomba, hueleza itafundisha nini kabla na baada, na husubiri miezi mingi, hata zaidi ya mwaka. Siku yenyewe wanafunzi hujipanga na maswali kama 20 mafupi, kwa kuwa dakika hazizidi 10.

Shule isiyo na mitambo haizuiwi kuomba. Viko vituo vya ridhaa katika nchi nyingine vyenye antena kubwa, ambavyo hushika mawimbi na kuiunganisha shule kwa simu au intaneti. Kinachohitajika upande wa shule ni laini nzuri, spika, na mwalimu mwenye subira ya kujaza fomu. Sekondari za Kasulu, Kibondo na Kakonko zina walimu wa fizikia wanaofundisha mawimbi kwa chaki kila mwaka. Barua ya maombi iandikwe kwa Kiingereza.

Kwa jaribio la kwanza chagueni mpito wa jioni wenye kimo cha zaidi ya nyuzi 50, ili macho yasaidie masikio. Fikeni kilimani dakika 15 kabla, redio ikiwa kwenye 145.800. Kitufe kinachonyamazisha kelele kifunguliwe kabisa, yaani redio ivume muda wote. Wengi hukiacha kimefungwa na mawimbi hafifu yanapita bila wao kujua. Antena ielekeeni magharibi. Kituo kikiwa kinaongea au kutuma picha, uvumi huo utapungua ghafla kana kwamba kuna mtu amefunga dirisha, na sauti itaanza kutokea ndani yake.